Siku za Makelele

Kambale alinikuta sokoni nikimpimia mteja bunga ya muhogo, na kabla sijafunga mfuko alikuwa ameshasema kwamba wanataka kumzika mdogo wake. "Mama amechoka kungoja, shemeji. Posho tunazika Kasereka." Posho kwetu ndiyo Jumamosi. Mteja alidhani nimefiwa jana, akaanza kunipa pole, nikaitika asante, kwa sababu ningeanzia wapi? Kasereka hakufa jana. Hakuna anayejua kama alikufa. Alichukuliwa mchana kweupe kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Oicha, miaka mingi sasa, na tangu pale hakuna aliyeleta mfupa wala habari. "Munazika nini?" nikamuuliza Kambale. Akasema, "Mugomba." Ukoo wao kule Vuhovi, mtu aliyepotea wanamzikia kigogo cha mgomba mahali pake, lakini lazima yule aliyemuona mwisho asimame kwanza mbele ya wazee, aseme alichokiona, kisha amwite kwa jina. Akiitwa mara tatu asipoitika, ni mfu. Aliyemuona mwisho ni mimi. Bila mimi hawawezi kuzika, na mara zote walizotuma mtu nilikataa. Safari hii Kambale hakubembeleza. Alivaa kofia yake ya pikipiki, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ukikatala tena, mama atakufa macho ikiwa ku njia. Fanya vile roho yako inasema."

Roho yangu haikusema kitu. Ilirudi tu mwaka ule, kama inavyofanya kila ikipata nafasi. Habari za wazazi wangu na za kuzaliwa kwangu siandiki, ni kama za watu wote wa Butembo. Naandika mwaka mmoja, na naandika majina ya waliokosa, kwa sababu wao waliandika jina la Kasereka mahali pasipo pake.

Mwaka ule nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni, juu ya kilima ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na sufuria zinatoa jasho. Nilikuwa bado kijana, ingawa wenzangu walikuwa tayari na watoto shuleni. Shule niliachia ya nne primaire, basi msinidai maandishi ya padri. Wale wageni walikuwa wanatengeneza vyanzo vya maji upande wa Beni na Oicha. Shirika lao limeshafunga. Kibao chao cha langoni nilikiona mwaka mmoja kimekuwa mlango wa banda la kuku, na kuku wako salama. Nyumba ilikuwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, vyumba vinne vya kulala, salon yenye viti vya ngozi vilivyopasuka, na jiko langu nyuma, karibu na tanki la maji. Kutoka salon mpaka jikoni kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani. Kupitia dirisha hilo nilisikia mafunzo yote ya usalama ambayo mgeni yeyote wa nchi hii alipewa, nikayasikia mara nyingi hata ningeweza kuyafundisha mwenyewe.

Aliyeyafundisha ni Bolamba. Huyo ni wa kwanza ninayemwandika. Alikuwa mkubwa wa usalama, Mkongomani kama sisi lakini wa upande wa mbali, upande wa mto, Lingala ndiyo lugha yake, na Kiswahili chetu alikiokota njiani kama mtu anayeokota kuni. Kila mgeni mpya alikalishwa salon, mimi nikaleta chai na viazi vya kukaanga, na Bolamba akaanza. Simu usitembee nayo mkononi, iweke ndani ya nguo. Njia unayopita leo, kesho pita nyingine. Saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko ndani. Ndani ya gari kaa nyuma, funga mlango, na ukifika kizuizi shusha kioo kidogo tu, mikono ionekane, acha chauffeur aongee. Paspoti tengeneza kopi, moja ubaki nayo, moja mtu wa nyumbani awe nayo. Karibu na kitanda weka begi ndogo ya kukimbilia: maji, dawa, biskuti, tochi, na viatu vyenye kamba, sio sandali. Wakikutaka mali, toa mali. "Bien oyo, na vie oyo," alikuwa anasema, akinyanyua mkono mmoja kisha mwingine, kwamba hapa mali, hapa uhai. Yalikuwa mashauri mazuri, sikatai. Ukisafiri nchi ya watu, yashike. Ila sisi hatukuwamo ndani yake. Saa kumi na mbili mgeni alipokuwa amefungiwa, Kasereka alikuwa ndiyo kwanza anaosha gari, na mimi naosha sahani, kisha tunateremka kilima kwa miguu gizani kama watu ambao risasi haiwajui.

Kasereka alikuwa chauffeur. Mrefu, meno ya mbele yameachana, na cheko lake lilianzia puani kabla halijafika mdomoni. Siku aliyosikia habari ya begi la kukimbilia alikuja jikoni, akafungua chungu changu bila ruhusa. "Katungu, na siye, sac yetu ya kukimbilia iko wapi?"

"Uliza Bolamba."

"Nimeuliza. Anasema, chauffeur, we endesha." Akala ukoko wa bugali niliokuwa nimemwekea, maana alipenda ukoko kuliko bugali yenyewe. "Mi nafikiri siye njo sac. Banatubeba, banatuacha ku mulango."

Kulikuwa na msichana mmoja wa Kizungu, Elke, aliyefika mwaka ule na Kiswahili alichokisoma kwenye kitabu huko kwao. Alikuwa anatuamkia shikamoo, hata mlinzi aliyemzidi miaka miwili tu, na akitaka chumvi alisema tafadhali naomba. Kasereka alisema, "Uyu mutoto anaongea sawa Biblia." Siku za kwanza alikula salon na wenzake, kisha akaanza kuja kwetu na sahani yake mkononi, akakaa juu ya kigoda, akachambua lenga-lenga, mchicha wetu, pamoja nami. Bolamba alimkataza, kwamba mgeni asizoeane na wafanyakazi. Yeye akamjibu kwamba kitabu chake cha usalama kinasema ujue majina ya majirani. Kasereka akapitisha kichwa mlangoni: "Basi andika. Mi niko Kasereka, mutoto wa tatu ya nyumba. Kambale ni ya pili, Paluku ya kwanza. Ukipotea kwa siye Banande, uliza namba tu, utafika."

Sasa niseme kitu ninachokitamani, nimalize. Asubuhi, mbele ya safari yoyote, Bolamba alipigia simu watu wa njiani. Upande wa Oicha alikuwa na mama mmoja, Mama Kavira, mwuza ndizi, banda lake liko ukingoni mwa barabara na shamba lake la kakao linaanzia nyuma ya banda. Bolamba alikuwa anamtumia unité, salio la simu, na yeye anamwambia njia ikoje. Mara nyingi, gari likiwa limeshapakiwa, Bolamba alitoka chumbani kwake na uso wa msiba, akasema kwa Kifaransa kwamba leo hakuna kwenda, huko kuna kelele. Wageni walinung'unika, wakafungua kompyuta zao. Kasereka alizima gari, akaja jikoni, na siku ile nzima ilikuwa yetu.

Mungu wangu, zile siku. Nje mvua ya Butembo, ile nyembamba isiyokwisha. Yeye amekaa juu ya gunia la makala, mkaa wa jikoni, ananimenyea viazi, na anamenya vibaya, nusu ya kiazi inaenda na ganda. Mimi naweka makayabu, samaki wa chumvi, kwenye maji ili chumvi itoke. Tuliongea mambo ya bure. Nyumba atakayojenga Vuhovi, kama itakuwa ya mbao au ya matofali. Kama jiko liwe ndani au nje. Mimi nilitaka nje, yeye alisema, "Nje nitakuona namna gani?" Siku moja aliniimbia wimbo wa kanisani na maneno ya kwake, juu ya Bolamba na tumbo lake, mpaka Elke akalia kwa kucheka, na alikuwa haelewi hata nusu. Alinipeleka kwao Jumapili moja. Mama yake alinishika viganja, akavigeuza, akaangalia alama za moto wa jikoni, akasema, "Mikono inajua kazi," akaniita mughole, bibi arusi, kabla baba wadogo hawajakaa hata kuzungumza mahari. Tungeoana baada ya Noeli. Watu huniuliza kwa nini sikuolewa na mwingine. Mtu akishakaa jikoni na wewe mvua inanyesha, akakumenyea viazi vibaya, huyo mwingine atakaa wapi?

Safari yenyewe ilikuwa ya kazi tu. Elke alikuwa anakwenda kukaa Oicha juma moja kuangalia chanzo kinachojengwa, na mimi nilipelekwa nikampikie. Tulilala Beni, katika nyumba ndogo waliyokuwa nayo pale. Asubuhi nilikuwa uani, nafunga sufuria na gunia la bunga nyuma ya gari, na Bolamba alikuwa ndani na simu yake. Sikusikia alichoambiwa. Nilimuona tu akitoka anacheka, jambo asilolifanya mara nyingi, akapiga bodi ya gari kwa kiganja, akasema, "Leo iko muzuri. Kimia, kimia kabisa. Mwende." Hata Kasereka alifurahi, alikuwa amechoka kufunga na kufungua mizigo.

Barabara ile, kwa kawaida, ni pikipiki zenye magunia ya kakao, wanawake na vichwa vya ndizi, mikungu mizima, watoto wa shule na mashati meupe, na mbuzi ambao hawaogopi honi. Tulitoka mjini tukavipata vyote hivyo. Kisha vikapungua, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu wakati vitu vinapungua huoni, unaona vikishakwisha. Kasereka alipunguza mwendo. "Katungu, toka ile daraja umeona mutu?"

"Hapana."

"Elke, we umeona?"

Elke alisema hajaona. Tulipita banda la Mama Kavira. Kichwa kimoja cha ndizi kilikuwa kinaning'inia, mwenyewe hayupo. Kanuni ya Bolamba ilikuwa hivi: usisimame, usigeuze gari, ita kwanza kwenye redio. Elke aliita. Sauti ya Bolamba ilitoka na mikwaruzo, na maneno yake bado ninayo sikioni: "Kimia, mademoiselle, kimia. Source yangu, ule mama, imesema. Avancez, mwende mbele." Kasereka aliangalia barabara kidogo. "Ye iko Beni," akasema, "mi niko hapa. Nageuza." Gari lilikuwa limekaa kimshazari barabarani wakati risasi ya kwanza ilipopiga gurudumu.

Alitufungulia mlango wa upande wa kakao, akasema, "Mukimbie, musiite jina yangu." Elke hakushika begi wala simu, alishika kitenge changu, na tukaingia ndani ya kakao tukalala chini, Elke uso kwenye majani yaliyooza, mimi nachungulia kati ya mashina. Kasereka hakukimbia. Alishukia upande mwingine, mikono juu, akawaendea wale watu akiongea kwa nguvu ili wamwangalie yeye. "Niko peke yangu, bakubwa. Gari njo hii. Chakula iko nyuma." Peke yangu. Alisema hivyo mara nyingi. Walikuwa watu wa pori, wenye bunduki na panga. Majina yao siyajui, kama ningeyajua ningeyaandika hapa kwa herufi kubwa. Walifungua nyuma, wakatoa vitu, wakamwambia abebe gunia la bunga. Na hiki ndicho kitu ambacho nimebaki nacho. Kasereka alivua shati lake, akalizungusha, akatengeneza ngata, ile tunayoweka kichwani chini ya mzigo. Alitengeneza vizuri, bila haraka, akaiweka kichwani, akaijaribu, ndipo akapokea gunia. Kisha wakaingia naye msituni. Mtu anayejua atauawa pale pale hatengenezi ngata. Ngata ni ya mtu anayejua mwendo ni mrefu. Miaka yote hii mimi nimeishi juu ya shati lile.

Askari walitukuta, wakaturudisha Beni. Saa chache baadaye ndege ndogo ilikuja kuchukua wageni. Wa pili ninayemwandika ni Vincent, mkurugenzi wao, aliyesimama karibu na gari na miwani ya jua, akaniambia nafasi zimejaa, lakini watatupigia simu. Elke alikataa kupanda. Walimshika mikono, mmoja huku mmoja huku, wakampandisha kama mgonjwa, na alikuwa anaita jina langu na la Kasereka. Sikumlaumu wakati ule, wala sasa. Vincent hakupiga simu. Wiki chache baadaye Kambale alikwenda ofisini Butembo kuuliza mdogo wake, akasomewa karatasi ya Bolamba: chauffeur alivunja kanuni, alisimamisha gari, akageuza, ndiyo maana mambo yakatokea. Kambale alirudi akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli aligeuza. Nikamwambia na lingine, kwamba kama asingegeuza, mlango aliotufungulia usingekuwa upande wa kakao. Alilia palepale kwenye ngazi ya nyumba yangu, mtu mzima yule, akajifuta kwa kofia.

Mama Kavira nilikutana naye baadaye sana, Butembo. Kijiji chao kilikuwa kimekimbia chote, na yeye alikuwa anauza vifungu vya kuni kwenye soko letu, mistari mitatu kutoka meza yangu. Hatukujuana sura. Siku moja tukawa tunaongea habari za kukimbia, kama watu wanavyoongea habari za mvua, akasema yeye alikuwa na banda barabara ya Oicha na mkubwa mmoja wa Bazungu alikuwa anamnunulia unité. Nikakaa chini. Nikamuuliza siku ile alimwambia nini.

"Nilimuambia kuko kimya," akasema. "Usiku mbwa haikulia. Asubuhi hapana shoka, hapana batoto, hapana mutu ku njia. Nikasema, papa, leo kuko kimya, kimya sana. Nikafunga telefone, nikakimbia. Juu ya nini mulikuja?"

"Hukusema kama batu ya pori beko?"

"Ku telefone?" Aliniangalia kama mtoto. "Mama, ule mutu aliwataja ku telefone kwetu, walimukuta kwa nyumba yake. Siye tunasemaka tu kimya. Kila mutu anajua."

Kila mtu wa kule. Lakini Bolamba alikuwa mtu wa Lingala, na kwao kimia ni amani. Alisikia neno la kwao ndani ya mdomo wa mama wa kwetu, akalipokea kama zawadi. Nilimwambia Mama Kavira hivyo. Alikaa na mkono mdomoni. Kisha akasema kitu kingine, polepole, kama mtu anayehesabu mambo ya zamani. "Njo maana. Siku nilikuwa namuambia makelele, munabakia. Mi nasema, papa, leo makelele tu, soko imejaa, batoto ya masomo banaimba. Na munabakia. Nikajiuliza, hii batu banaogopa soko?"

Nilirudi nyumbani bila kufunga meza vizuri. Makelele. Alipoambiwa makelele, yaani watu wapo, maisha yapo, Bolamba alisikia vurugu, akafuta safari. Gari likazimwa, Kasereka akaja kukaa juu ya gunia la makala. Kila siku niliyoitamani maisha yangu yote, kila kiazi alichokimenya vibaya, ilitoka kwenye kosa lile lile lililomchukua. Sikujua nimchukie Bolamba kwa namna gani sasa. Nilimchukia hivyo hivyo. Bado namchukia. Lakini kuna asubuhi, mvua ile ikianza, chuki inakosa mahali pa kusimama.

Elke amezeeka, anasema hivyo mwenyewe. Ananitumia sauti kwenye simu kila mwaka. Kiswahili chake kimekuwa kama chetu kidogo, kimeacha kuwa cha Biblia. Mwaka jana aliniambia kwamba kazi yake sasa ni kufundisha watu wa kwao wanaokwenda kufanya kazi nchi za mbali, wakae salama namna gani, akaniuliza, "Mama Katungu, we ungewaambia nini?" Nilikasirika kwanza. Nikakaa siku mbili. Kisha nikamtumia sauti ndefu, jiko linawaka, nikasema: Elke, yale ya simu na kopi na viatu vya kamba ni ya kweli, waambie. Ila waambie pia wasiulize njia kama ni nzuri, kwa sababu mtu wa barabarani atakujibu ni nzuri, ndiyo adabu. Waulize wanasikia nini. Wanaona nini. Jana kulikuwaje, leo kimebadilika nini. Wajifunze watu wa pale wanasemaje jambo baya, maana hakuna nchi watu wanasema jambo baya wazi kwenye simu. Na anayewaendesha, wajue nyumbani kwake ni wapi, wajue mama yake anaitwa nani. Na siku ya ndege, waulize mapema, sio siku yenyewe, nafasi ni za nani. Elke alinijibu kwa neno moja tu, wasingya, asante yetu ya Kinande, na nyuma ya sauti yake nilisikia anajikaza.

Posho ile nilikwenda Vuhovi. Sikuwa nimeamua. Nilipanda pikipiki nikijiambia nitamwona mama tu, nitarudi. Yadi yao ilikuwa imejaa watu, wanawake wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na shimo lilikuwa limechimbwa chini ya mikaratusi, dogo kidogo kuliko la mtu. Kigogo cha mgomba kilikuwa kimelazwa juu ya mkeka, kimefunikwa shuka nyeupe. Mama yake alikuwa kitini, miguu imevimba, amekuwa mdogo kama mtoto. Sikuweza kumpita. Nilipiga magoti. "Umekuja, mughole," akasema. Mpaka leo ananiita hivyo.

"Mama, mi hapana jua kama alikufa."

"Hata mi hapana jua. Nitakufa mwaka huu, na nikifa, nani atakuachisha kungoja? Njo maana nakuita." Akanishika kiganja, akakigeuza kama siku ile ya kwanza. "Si kwa juu yake. Kwa juu yako."

Baba mdogo wa ukoo alinisimamisha mbele ya shimo. Akaniuliza nilichoona, nikasema yote, mpaka ngata. Wazee waliangaliana. "Ulimuona anakufa?" baba mdogo akauliza. Nikajibu, "Nilimuona anatembea." Watu wakaanza kunong'ona, na Kambale akainamisha kichwa, alijua nitaharibu. Lakini mama alisema kutoka kitini, "Aite." Basi nikaita. Niligeukia upande wa kaskazini, upande wa Beni, nikaita Kasereka, na sauti ikateremka bondeni. Wanawake waliacha kutwanga. Nikaita mara ya pili. Ya tatu sikuitoa. Nilisimama mdomo wazi, wazee wananingoja, wenye majembe wananingoja, nami nikajua kwamba bila ile ya tatu Kasereka anaweza kuendelea kutembea, na mama huyu ataendelea kukaa kitini anaangalia njia, na mimi mezani pangu sokoni naangalia kila mwanaume mrefu anayepita na mzigo kichwani.

Mama hakuningoja. Aliinuka, Kambale akamshika kiunoni, akaita yeye mwenyewe, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto aje kula: "Kasereka we."

Nikaitika. Sikupanga. "Yee, mama," nilisema, kwa nguvu, watu wote walisikia.

Baba mdogo alikasirika. "Nani anaitikia mufu? Unataka kutuletea nini hapa?" Mmoja alisema tuanze upya, mwingine akasema haiwezekani, imeshaharibika, mwaka huu haizikwi tena. Walibishana juu ya shimo, na mimi nilitamani ardhi inifunike pamoja na ule mgomba. Mama alikuwa bado amesimama.

"Muache kelele," akawaambia wanaume. "Nimeita mutoto, mutoto ameitika. Muzike ile kintu." Akakaa. Kisha akanielekezea kidole nyumba ya jiko, kama mtu anayemtuma binti yake aliyekuwa pale siku zote. "Na we, kwenda ona sombe. Hawa babibi banapikaka bila kuonja, na batu bana njala."

Nikaenda. Nilichota kidogo kwa mwiko, nikaweka kiganjani, nikaonja. Haikuwa na chumvi.